Mwalimu wa Uraia Naye Hana Budi Kujifunza

Yako maswali ya watoto ambayo humnyima mwalimu usingizi. Moja la maswali hayo liliniangukia mimi hapa Base ya Kamina, siku ya somo la uraia. Nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni haki za raia, moja baada ya nyingine, kama zilivyokuwa katika daftari langu la zamani, nao wanafunzi walikuwa wakinakili kimya. Mara mvulana mmoja wa safu ya nyuma akasimama, akasema: “Mwalimu, yaya wangu alikamatwa Jumatatu, akalala katika kasho mpaka Jumapili. Hakuna aliyemwambia kosa lake. Je, Katiba yasemaje?”

Nilimjibu kwamba Katiba yakataza kumwonea mtu. Akauliza tena, kwa adabu kabisa: “Yakataza katika kifungu gani, Mwalimu?” Sikujua. Nikamwambia aketi, tuendelee na somo.

Jioni ile nilikwenda kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa na nakala ya Katiba, nikaitafuta habari hiyo kwa taa mpaka nikaiona. Kifungu cha 18 chasema kwamba mtu akikamatwa lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuonana mara moja na jamaa zake au mtetezi wake. Polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48; zikiisha hizo, hana budi aachiliwe au apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya hukumu. Na siku zote anapokuwa kifungoni atunzwe kwa namna inayolinda uhai, afya na heshima yake.

Kesho yake niliwasomea wanafunzi kifungu hicho. Yule mvulana akakinakili, kisha akasema: “Baba ameuza mbuzi wawili ili yaya atoke. Kama tungalikijua kifungu hiki, angalikwenda nacho.” Hakusema zaidi, wala mimi sikuwa na neno la kumjibu. Watu waliomfunga yaya wake walikuwa na kosa lao; lakini mimi nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimefundisha uraia miaka mingi pasipo kuisoma Katiba toka mwanzo hata mwisho.

Mtume Paulo na jemadari

Sisi Wakristo tunao mfano mkubwa katika Matendo ya Mitume. Askari walipomfunga Paulo kamba kule Yerusalemu ili wampige mijeledi, yeye hakutukana wala hakupigana. Alimwuliza akida aliyesimama hapo kama ni halali kumpiga raia wa Roma ambaye hajahukumiwa. Kwa swali hilo moja mijeledi ikawekwa chini, na jemadari mwenyewe akaingiwa na hofu. Baadaye alipoona kwamba hapati hukumu ya haki, alikata rufani kwa Kaisari. Paulo alikuwa tayari kufa kwa ajili ya Kristo. Lakini hakuona kuwa ni dhambi kuijua sheria na kuitumia.

Ndiyo maana Kanisa halikuliacha jambo hili. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliziorodhesha haki za binadamu pamoja na wajibu wake, akionyesha kwamba viwili hivyo havitengani. Nao Mababa wa Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, walihimiza kwamba watu wote, na hasa vijana, wapewe malezi ya uraia na siasa. Lakini nani atawapa malezi hayo, ikiwa mwalimu mwenyewe hakuyapata? Kipofu hamwongozi kipofu.

Daftari la zamani

Walimu wengi wa uraia hufundisha kama nilivyofundisha mimi: tunapokea daftari kutoka kwa aliyetutangulia, naye alilipokea kwa mwingine. Katika shule zetu iko desturi njema ya walimu kukutanika, mmoja akatoa somo la mfano mbele ya wenzake, kisha likachambuliwa bila uchungu. Lakini mara nyingi huwa ni somo la hesabu au la Kifaransa. Uraia huachwa, kwa kuwa hudhaniwa kwamba kila mtu aujua.

Tena ziko kumbukumbu chungu. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitwaa shule za Kanisa, likaondolewa somo la dini, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya uraia na siasa ya chama kimoja. Watoto walifundishwa kumsifu mtu mmoja, wakaambiwa kwamba huo ndio uraia. Shule zilirudishwa mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, lakini wazazi wengi walibaki wakiliogopa somo hilo. Jirani zetu wa Tanzania nao walikuwa na somo lililoitwa Siasa wakati wa chama kimoja. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, mahali pake likaja somo la Uraia. Haikutosha kubadili jina la kitabu. Mwalimu naye alipaswa kujifunza upya, kwa kuwa kazi yake sasa ilikuwa kuwafundisha watoto kupima mambo, si kuitikia tu.

Mambo ya kufanya tukikutana

Basi semina ya walimu wa uraia na historia ya Katiba yafaa iweje? Haihitaji jumba kubwa wala wageni kutoka mbali. Kwa maoni yangu yatosha walimu wachache wa shule zilizo karibu, siku mbili au tatu za likizo, na mambo manne.

La kwanza ni kuwa na Katiba yenyewe mkononi. Ile ya tarehe 18 Februari 2006 ina vifungu 229, na ilirekebishwa tarehe 20 Januari 2011. Ilikubaliwa kwanza na wananchi katika kura ya maoni ya Desemba 2005, iliyosimamiwa na tume ambayo mkuu wake alikuwa padre, Abbé Apollinaire Malu Malu. Wazee wetu walipiga kura hiyo. Si haki watoto wao wasiione. Walimu waisome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na kila mmoja aeleze alichoelewa.

La pili ni kuijua njia tuliyopitia. Mtoto akiambiwa tu kwamba Katiba ni sheria kuu, hasikii kitu. Lakini aonyeshwe kwamba nchi hii ilikuwa mali ya mfalme mmoja wa Ulaya tangu 1885. Kwamba mwaka 1908 Ubelgiji iliipokea na kuiwekea hati ya ukoloni. Kwamba sheria ya msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilitungwa na bunge la Ubelgiji, si na Wakongo. Kwamba Katiba ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti 1964 ndiyo ya kwanza kupigiwa kura na wananchi wenyewe. Tarehe 24 Novemba 1965 Jenerali Mobutu akatwaa madaraka, na mwaka 1967 ikaletwa Katiba nyingine. Kisha zikafuata sheria za mpito za 1994, 1997 na 2003, mpaka tukafika kwa hii ya sasa. Kila moja iulizwe maswali matatu: nani aliiandika, nani aliikubali, na kwa nini iliachwa?

Na yako mambo ambayo yafaa walimu wayachambue pamoja kabla ya kuyapeleka darasani. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alimwondoa Waziri Mkuu Lumumba, naye Lumumba akatangaza kwamba Rais ndiye aliyeondolewa. Kifungu cha 22 cha sheria ya msingi kilimpa Mkuu wa nchi uwezo wa kumteua Waziri Mkuu na kumwondoa. Lakini sheria ileile iliiweka serikali chini ya bunge. Bunge lilizitangua amri zote mbili, na Seneti ikawa upande wa Lumumba. Siku chache baadaye, tarehe 14, Kanali Mobutu akasema kwamba amewasimamisha wote. Wengi wetu tulirithi habari hii pamoja na upande wa kushika, kadiri ya kabila au chama cha nyumbani. Katika semina twaisoma sheria kwanza, ndipo tutoe maoni. Yapendeza kuona watu wazima wawili, waliokuja wakibishana, wakiinamia ukurasa mmoja kwa utulivu.

Ushahidi uko mlangoni

Sisi wa Base hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Kambi hii na uwanja wake wa ndege vilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkataba wa urafiki uliotiwa sahihi tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, ulisema kwamba askari wa Ubelgiji waliobaki katika kambi za namna hii wasiingilie kati ila wakiombwa na Waziri wa Ulinzi wa Kongo. Hazikupita wiki mbili, askari walitoka hapa wakaenda Luluabourg na Elisabethville. Baadaye wakaja askari wa Umoja wa Mataifa. Na Novemba 1964 ndege zilizowapeleka askari wa miavuli Stanleyville ziliruka kutoka uwanja huu. Mtoto anayecheza mpira karibu na njia ya ndege aweza kujifunza pale pale maana ya mkataba, ya mamlaka ya nchi, na ya kuombwa au kutoombwa.

Na tukirudi nyuma zaidi, mababu wa Kiluba hawakukosa hekima hii. Chama cha Mbudye kilihifadhi habari za wafalme na miiko ya utawala, na watu wa kumbukumbu walizisoma kwa vidole juu ya ubao wa lukasa, wenye shanga na simbi. Chama hicho kilikuwa pia kizuizi cha nguvu za mfalme, asitawale kama apendavyo nafsi yake. Mwalimu akianzia hapo, wanafunzi hawatasema kwamba Katiba ni jambo la Wazungu.

Neno “Leta” na swali gumu

La tatu ni lugha. Huku kwetu watu husema “Leta” kwa kila kitu: nchi ni Leta, serikali ni Leta, askari ni Leta, hata karani mwenye muhuri ni Leta. Kwa hiyo mtoto hudhani kwamba akidai haki kwa karani anapigana na nchi nzima. Walimu wakae pamoja watafute maneno ya kutenganisha mambo hayo, tena kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni akielewa. Katiba yenyewe yataka hivyo: kifungu cha 142 chaagiza serikali izitangaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, nacho Kiswahili ni mojawapo, katika siku 60.

La nne ni kujizoeza maswali magumu. Tangu Rais aliposema kule Kisangani, Oktoba 2024, juu ya kuunda tume ya kuitazama upya Katiba, wanafunzi wametuuliza tuko upande gani. Maaskofu wetu wametoa maoni yao hadharani, na wanasiasa yao. Mwalimu naye ni raia, ana kura yake. Lakini kura hiyo ni ya sandukuni, si ya ubaoni. Darasani afungue kifungu cha 218, kinachosema nani aweza kuanzisha marekebisho. Cha 219, kinachokataza kurekebisha wakati wa vita au wa hali ya hatari. Na cha 220, kinachotaja mambo yasiyoguswa, pamoja na idadi na urefu wa vipindi vya Rais. Wanafunzi wakisoma wenyewe, watapima maneno ya kila mtu, na ya mwalimu pia.

Wala tusiwafiche kwamba kuandikwa si kutimizwa. Kifungu cha 43 kilisema tangu 2006 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Utekelezaji wake ulianza Septemba 2019. Miaka kumi na mitatu ilipita, na madarasa yalipojaa watoto, walimu waliendelea kudai mshahara wa haki. Mwanafunzi aambiwe yote mawili, asije akaiabudu karatasi au kuidharau.

Ndugu walimu, najua taabu zetu. Mshahara wachelewa, nauli haipatikani, likizo ni wakati wa shamba. Lakini nakala moja ya Katiba na meza moja chini ya mwembe vyatosha kuanzia. Nanyi wazazi, mwalimu akiwaambia watoto wenu habari za vifungu, msimwonye kwamba anawatia katika siasa. Waulizeni watoto jioni wamesoma kifungu gani, nao wawasomee.

Yule mvulana alikwisha kumaliza shule. Karatasi yenye kifungu cha 18 iko kwa baba yake, imekunjwa ndani ya kitabu cha sala. Nimesikia kwamba jirani wawili wamekuja kuiazima. Mungu atujalie sisi walimu tusiache tena watu wauze mbuzi wao kwa ajili ya kifungu tusichokisoma.