Je, Wajua? Faranga Moja, Zaire Bilioni 300

Noti ya faranga 500 inayonunua ndagala pale Rugenge, mjini Uvira, kama ingehesabiwa kwa zaire za zamani, fedha ya Kongo ya kabla ya faranga, ingekuwa 150,000,000,000,000. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha: faranga moja ni zaire 300,000,000,000. Ukizihesabu zaire hizo, moja kila sekunde, itakuchukua zaidi ya miaka 9,500.

Namba 300,000,000,000 ina vigawo 288, maana imejengwa kwa namba tasa tatu tu: 2 mara kumi na moja, 5 mara kumi na moja, na 3 mara moja. Izidishe kwa 30, upate 9,000,000,000,000, ambayo ni kipeo cha pili cha 3,000,000, kiwango kilekile cha 1993!

Lakini hiyo 3 ya kiwango cha 1993 ilikuwa korofi. Viwango vya kubadili fedha ya zamani kwa mpya kwa kawaida hukata sufuri tu, na hesabu inabaki safi. Noti ya zaire 5,000,000, ambayo wafanyabiashara wengi waliikataa, ukiigawa kwa 3,000,000 unapata 1.6666…, na sita hazina mwisho. Noti mbili nazo zinaleta 3.3333… Ni mpaka ushike noti tatu ndipo upate zaire mpya 5 kamili.