Kutu nyeupe kwenye spea za pikipiki: jinsi ya kuiondoa bila kuharibu mzigo

KIGALI, Rwanda – Mwenye pikipiki ya petroli inayobeba abiria mjini Kigali ana sababu mpya ya kuitunza. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kazi hiyo mjini humo. Zinazosajiliwa ni za umeme pekee. Zile za petroli zilizokuwa na kibali ziliruhusiwa kuendelea, lakini mmiliki akiipoteza yake hawezi kuweka nyingine mpya ya aina hiyo mahali pake.

Ndiyo maana kava ya injini, habu ya gurudumu au hedi ya silinda iliyofunikwa na unga mweupe haipaswi kutupwa haraka. Ikisafishwa vizuri, inaweza kurudi kazini mjini Kigali au kuuzwa mikoani na nje ya mpaka, ambako pikipiki za aina hiyo bado ni nyingi.

Hata hivyo, kung'aa kwa kipuri si uthibitisho wa uzima wake. Dawa isiyofaa hula alumini iliyokuwa nzima, na msasa uliopigwa kwa ustadi unaweza kuficha ufa au shimo litakalovujisha oili baada ya wiki moja. Kwa mfanyabiashara aliyenunua gunia la spea, tofauti hiyo ndiyo mtaji wake. Kwa dereva, ni suala la breki na usalama wa abiria.

Unga mweupe ni nini?

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ikikutana na hewa tu, hujitengenezea utando mwembamba sana wa oksaidi, na utando huo ndio unaoilinda. Ukikwaruzwa, mwingine huanza kujengeka mara moja.

Matatizo huanza pale utando huo unaposhindwa. Chumvi huupenya na kuchimba vishimo. Asidi kali huuyeyusha, na vitu vya jamii ya magadi makali huuyeyusha pia. Metali iliyo chini hubadilika kuwa unga mweupe au wa kijivu, unaochukua nafasi kubwa kuliko metali yenyewe. Kwa hiyo vanishi huinuka, rangi hubanduka na bolti hukwama.

Oksaidi ya alumini ni ngumu mno. Ndiyo hiyo hiyo inayotumika kutengenezea aina nyingi za msasa. Aidha, alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, wakati oksaidi yake huhitaji zaidi ya 2,000. Hiyo ni sababu mojawapo ya fundi wa kuchomelea kushindwa kuunga kipuri ambacho hakikusafishwa: metali inayeyuka ndani, lakini ngozi ya juu inakataa kushikana.

Asili ya kipuri ina maana

Mnunuzi mwenye uzoefu huuliza pikipiki ilifanya kazi wapi. Kipuri kilichotoka Mombasa, Dar es Salaam au Tanga kimeishi na hewa ya bahari, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa alumini. Vishimo vyake huwa vidogo kwa juu lakini vimeingia ndani.

Upande wa Goma kuna jambo jingine. Volkano ya Nyiragongo hutoa gesi zenye salfa na floraidi, na mvua inayopita katika moshi huo huwa na asidi. Pikipiki inayolala nje katika mazingira hayo huchakaa kwa namna ambayo pikipiki ya Kigali haichakai.

Kigali iko mbali na bahari, lakini haijasalimika. Katika misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, tope hujaa kwenye mapezi ya silinda na nyuma ya kava ya sproketi na kukaa na unyevu kwa siku nyingi. Pale bolti ya chuma inapogusana na alumini penye maji, alumini ndiyo inayoliwa kwanza. Ndiyo maana unga mweupe huonekana mapema kuzunguka bolti.

Kuchagua kabla ya kusafisha

Kazi ya kwanza ni kutenga spea katika mafungu matatu: zinazofaa, zenye mashaka na za kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kipuri kioshwe kwa mafuta ya taa au dizeli, kisha kwa maji na sabuni, halafu kikaushwe. Hapo macho na ukucha vinatosha kuanza. Ukucha ukipita juu ya doa bila kukwama, uharibifu ni wa juu. Ukikwama, kuna shimo, na swali ni shimo hilo liko wapi.

Shimo katikati ya kava ya nje ni suala la sura tu. Lakini shimo kwenye uso unaokaliwa na gasketi, kwenye kiti cha bearingi, kwenye nyuzi za bolti au kwenye rimu karibu na spoki ni sababu ya kukikataa kipuri. Kusugua hakurudishi metali iliyokwisha kuliwa.

Ufa hutafutwa kwa njia ya zamani isiyo na gharama. Kipuri hupakwa mafuta ya taa na kuachwa kwa muda ili yapenye, hupanguswa mpaka kikauke, kisha hupakwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka polepole na kuchora mstari juu ya chaki. Jaribio hili lifanywe kabla ya kung'arisha, maana msasa unaweza kuziba mdomo wa ufa.

Hatua za kusafisha

1. Kuondoa vanishi. Kava nyingi za injini hutoka kiwandani zikiwa na vanishi angavu au rangi ya fedha. Kutu hutambaa chini yake kama njia za mchwa. Vanishi isipotolewa yote kwa dawa ya kubandua rangi, asidi itafanya kazi sehemu moja na kuacha nyingine, na kipuri kitabaki na mabaka.

2. Asidi nyepesi. Kwa fundi mdogo, asidi ya sitriki au siki inatosha. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa sitriki kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu ni kipimo cha kuanzia; siki ichanganywe na maji nusu kwa nusu. Ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Kipuri kiloweshwe kwa dakika 10 hadi 15 huku kikisuguliwa na kutazamwa. Kikianza kuwa cheusi au kutoa povu jingi, kitolewe mara moja.

3. Kusuuza na kutuliza asidi. Kipuri kisuuzwe kwa maji mengi, kipitishwe kwenye maji yenye bikaboneti ya soda, ile ya jikoni, kisha kisuuzwe tena na kukaushwa kabisa, ikiwezekana kwa upepo wa kompresa. Asidi iliyobaki kwenye matundu huendelea kula baada ya kipuri kuuzwa.

4. Brashi na msasa. Brashi iwe ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu. Brashi ya chuma cha kawaida na pamba ya chuma huacha chembe ndani ya alumini, na chembe hizo hushika kutu na kuanzisha ugonjwa upya. Kwa kutu nzito, msasa wa maji uanze namba 240 au 320, kisha 400, 600, 800 na 1,000. Kila namba isuguliwe kukata mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na fundi asihamie nyingine mpaka mikwaruzo ile iishe. Anayeruka namba huligundua kosa mwishoni, mng'ao ukishatoka na mistari ikionekana.

5. Kung'arisha. Dawa ya kung'arishia metali ipakwe kwa kitambaa safi au gurudumu la pamba. Kitambaa kuwa cheusi ni kawaida. Ni alumini na oksaidi inayotoka.

Gereji zenye mashine ya kupuliza hutumia punje za kioo, ambazo hufika kwenye mapezi na kona ambako msasa haufiki. Mchanga wa kawaida usitumike, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu bila tiba. Matundu yote ya oili na ya bolti yazibwe kwa mpira kabla ya kupuliza, na kipuri kioshwe mara kadhaa baadaye. Punje chache zikibaki kwenye njia ya oili zinatosha kumaliza bearingi za injini.

Nyuso za gasketi zisisuguliwe kwa mkono bila kibao bapa, maana zitapoteza unyoofu. Kabureta isiloweshwe kwenye asidi, kwa sababu ina sehemu za metali mbalimbali na vijitundu vilivyopimwa. Ndani ya habu, pale breki inaposhika, pasipakwe dawa ya kung'arisha wala nta.

Vitu vya kuepuka

Kostiki soda, inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni na kuzibulia mabomba, ni hatari ya kwanza. Huondoa oksaidi haraka na kumfurahisha asiyejua, kisha huendelea kuyeyusha alumini yenyewe huku ikitoa joto na gesi ya hidrojeni, inayoweza kulipuka ikikutana na moto. Kipuri hutoka kikiwa cheusi na chembamba, na nyuzi za bolti zimelegea.

Asidi ya betri nayo si dawa ya kusafishia. Hatari zaidi ni baadhi ya dawa za kuosha rimu na bodi za malori zenye asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo hupenya ngozi bila maumivu ya haraka na kuumiza mpaka kwenye mfupa. Lebo isomwe, dawa isiyo na lebo isinunuliwe. Aliyeguswa nayo aoshe kwa maji mengi na kwenda hospitali mara moja, hata kama hasikii maumivu.

Kamwe asidi isichanganywe na dawa ya kufulia yenye klorini, kwani hutoa gesi ya sumu. Glavu, miwani ya kinga na mahali penye hewa ni sehemu ya gharama ya kazi. Vumbi la alumini lisirundikane kwenye jiwe la kusagia linalotumika pia kwa chuma, kwa sababu cheche zinaweza kuliwasha.

Maji machafu yasimwagwe mtaroni. Mitaro ya Kigali huishia kwenye mabonde oevu, na serikali imekwisha kuhamisha viwanda vya Gikondo kutoka bondeni ili kuyaokoa. Asidi itulizwe kwanza kwa bikaboneti, na tope la msasa likusanywe pembeni.

Kulinda na kusafirisha

Alumini iliyo wazi huanza kufifia tena mapema. Kava zipakwe vanishi inayostahimili joto au nta, na bolti zote zitiwe grisi kabla ya kufungwa ili chuma na alumini visishikane.

Kwa wasafirishaji, njia ya Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo ni takriban kilomita 1,500, na lori linaweza kupita joto la pwani, baridi ya usiku na mvua katika safari moja. Unyevu huganda juu ya metali. Kila kipuri kipakwe oili nyepesi, kifungwe kwa karatasi kavu yenye mafuta na kutenganishwa na kingine. Boksi la karatasi lililolowa ni baya kuliko kutofunga kabisa, kwa sababu hushikilia maji juu ya metali. Spea zisikae chini ya magunia ya chumvi, mbolea au saruji, wala kando ya betri. Vumbi la saruji likilowa lina ukali unaofanana na wa kostiki.

Forodhani, mwenye mzigo akumbuke kwamba kusafisha hakubadili asili ya kipuri. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kipuri kilichotengenezwa India au China hakiingii humo hata kiwe kidogo kiasi gani. Vilevile, kipuri kilichong'arishwa kiandikwe kwenye hati kuwa kimetumika. Kukiita kipya ni tamko la uongo, na mzigo wote unaweza kuzuiwa.

Mnunuzi naye asikubali kuharakishwa na mng'ao. Akigeuze kipuri atazame upande wa ndani, ambao kwa kawaida hausuguliwi. Apitishe kidole kwenye uso wa gasketi, akaze bolti kwa mkono kuona kama nyuzi zinashika, na alinganishe uzito na unene na kipuri kizima cha aina hiyo hiyo. Muuzaji aliyefanya kazi yake vizuri hatakuwa na sababu ya kukataa chaki na mafuta ya taa.