Mchanga wa Ufuo ni Akiba: Tusiitoe Ovyo



Katika mkutano wa kikundi kimoja cha pwani, mzee aliuliza hivi: "Mwenye lori anataka kununua mchanga wa ufuoni kwetu. Si bahari italeta mwingine?" Swali ni zuri. Ili tulijibu, hebu kwanza tuone ufuo unajengwaje.

Tuta na ziwa la pwani

Mahali pengi kando ya bahari pana kingo ndefu za udongo na mawe. Mawimbi yakigonga chini yake, kingo hubomoka. Bahari basi hupepeta: udongo mwembamba unapelekwa mbali, mchanga na kokoto zinabaki. Mawimbi mara nyingi huja kwa upande. Yakipanda ufuo yanasukuma mchanga mshazari, yakirudi yanauteremsha moja kwa moja. Hivyo kila punje inapiga hatua kando ya pwani, siku baada ya siku.

Mchanga ukifika mahali pwani imeingia ndani, kama kwenye ghuba au mdomo wa mto, unaendelea mbele kama ulimi. Dhoruba zinaurushia kokoto juu, unakuwa tuta. Tuta likifika ng'ambo, maji ya nyuma yanafungiwa. Hilo ndilo ziwa la pwani. Mto ukiingia humo, maji yanaweza kuwa matamu. Tuta likikatika, chumvi inaingia.

Lakini si kila tuta linaletewa mchanga mpya. Mengine ni akiba ya zamani tu.

Yaliyowapata watu wa Hallsands

Huko Uingereza, katika Devon, iko ghuba iitwayo Start Bay. Nyuma ya tuta lake la kokoto kuna ziwa la maji matamu, Slapton Ley. Kokoto hizo ni za kale. Barafu kubwa ya zamani ilipoyeyuka, bahari ilipanda ikazisukuma mpaka pwani kwa maelfu ya miaka.

Kusini ya tuta, katika ghuba hiyohiyo, kilikuwapo kijiji cha wavuvi, Hallsands, chini ya jabali. Mwaka 1891 kilikuwa na nyumba 37 na watu 159. Ufuo wa kokoto ndio uliowakinga.

Mwaka 1897 kokoto zilianza kuchotwa mbele ya kijiji ili kupanua bandari ya jeshi la maji, Plymouth. Wanakijiji walilalamika. Waliambiwa hakuna hatari kubwa, bahari itarudisha. Zilichukuliwa karibu tani 650,000. Ufuo ukashuka, kuta zikaanza kupasuka. Kibali kilifutwa mwaka 1902, lakini kokoto hazikurudi. Usiku wa tarehe 26 Januari 1917 dhoruba ilibomoa kijiji. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa, ila mwisho wa mwaka huo ilibaki nyumba moja tu ya kukalika.

Na sisi je?

Kwetu Malindi, Mto Sabaki huleta mchanga na udongo mwingi. Lakini fuo zetu nyingi nyeupe ni matumbawe yaliyosagika, na matumbawe hukua polepole sana. Kwa hiyo jibu kwa mzee ni hili: inategemea mchanga unatoka wapi. Kikundi chenye akiba hakitoi pesa kabla ya kujua nani anaweka na kiasi gani. Ufuo ni vilevile. Bandu bandu huisha gogo.

Kabla ya kukubali lori, ulizeni NEMA, na mwangalie dalili: mizizi ya minazi kubaki wazi, kisima kuanza kuwa na chumvi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mchanga wa ufuo wetu unatoka wapi? Wazee wanakumbuka ufuo ulifika wapi zamani?
2. Nani anapata faida ya mchanga, na nani atapoteza nyumba?
3. Tufanye kazi gani nyingine ya kuleta pesa bila kubomoa kinga yetu?