Wakala Anayemdhamini Asiye na Mdhamini: Utangulizi

Mwaka 2001 mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana wa kiume kuomba kazi za kawaida katika jiji la Milwaukee, Marekani. Walikwenda wawili wawili, Wazungu kwa Wazungu na weusi kwa weusi, wakiwa na sifa zinazolingana, ila mmoja alisema aliwahi kufungwa. Walipokezana zamu ya kusema hivyo, ili haiba ya mtu isipotoshe matokeo. Wazungu wasio na rekodi ya jela waliitwa tena na waajiri kwa asilimia 34. Wenye rekodi, asilimia 17. Kwa weusi ilikuwa asilimia 14 na asilimia 5. Soma tarakimu hizo mara ya pili: mweusi asiyewahi kukanyaga gereza aliitwa mara chache kuliko Mzungu aliyejitaja kuwa mfungwa wa zamani.

Karibu, msomaji, katika taaluma inayoanzia kwenye jeraha hilo. Tunachunguza mashirika ya ajira yasiyotafuta faida, yanayowatafutia kazi watu waliofungiwa milango: waliotoka gerezani, wenye ulemavu, akina mama waliokaa miaka mingi nje ya ajira, na wakimbizi, akiwamo Mkongo anayezungumza Kiswahili na Kifaransa lakini hajui Kiingereza.

Chombo ambacho mashirika haya hutumia, yaani wakala wa ajira, kilibuniwa na wafanyabiashara. Kampuni ya Manpower ilianzishwa mwaka 1948, Milwaukee hiyo hiyo. Utaratibu wake ni huu: ghala linahitaji watu wa kupakia mizigo kwa majuma machache. Wakala anawaajiri yeye mwenyewe, anawalipa mshahara, anabeba kodi na bima ya ajali kazini, kisha analidai ghala jumla ya gharama hizo pamoja na nyongeza. Nyongeza hiyo ndiyo riziki yake.

Shirika lisilotafuta faida hufuata hesabu ile ile. Tofauti ni nyongeza inakokwenda: kwenye nauli ya juma la kwanza kabla mshahara haujatoka, kwenye viatu vya kazi, kwa msimamizi anayempigia mtu simu alfajiri kuuliza kama ameamka na anayekwenda kuzungumza na bosi mambo yanapoharibika. Mwajiri naye anapata nafasi ya kumtazama mtu akichapa kazi, huku kwenye makaratasi mwajiri akiwa ni shirika. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo bidhaa hasa inayouzwa hapa: udhamini. Nguvu za mikono zinapatikana popote. Anayekubali kusimama nyuma ya mtu aliyetiliwa shaka ni adimu.

Fikra hii ina mizizi mirefu. Goodwill, ambayo wengi wanaijua kwa maduka yake ya mitumba, ilianzishwa na mchungaji Edgar Helms huko Boston mwaka 1902 ili maskini wapate kazi kwa kukarabati vitu vilivyotupwa. Leo baadhi ya matawi yake yana idara za wakala wa ajira. Ufaransa ilivipa vyama vya namna hii nafasi katika sheria mwaka 1987.

Hata hivyo, nia njema haitoshi, na hapa ndipo taaluma yetu ina joto. Wanauchumi David Autor na Susan Houseman walichunguza mpango wa ajira kwa wapokea misaada ya serikali huko Detroit. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, waligundua kwamba waliopelekwa moja kwa moja kwa mwajiri walipata kipato kikubwa zaidi kwa muda, ilhali waliopelekwa kwenye kazi za muda kupitia mawakala hawakunufaika. Huko New York, shirika la Center for Employment Opportunities, linalowapa kazi za muda waliotoka gerezani, lilipimwa na watafiti wa taasisi ya MDRC: faida ya ajira ilififia, lakini kwa waliojiunga punde baada ya kuachiwa, hatari ya kurudi jela ilipungua. Kwangu mimi hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kwa hiyo, unapopewa ripoti inayojivunia idadi ya watu waliopata kibarua, uliza wangapi bado wana kazi baada ya miaka miwili, wanalipwa kiasi gani, na nyongeza ilitumika wapi. Shirika lisiloweza kujibu maswali hayo matatu halijathibitisha kwamba linatofautiana na wakala wa kawaida.