Mwangwi Juu ya Ziwa Mweru

Usiku wa giza, taa za wavuvi wa samaki wadogo waitwao chisense hutapakaa ziwani mbele ya Kabuta, wilayani Nchelenge, Zambia. Mvuvi akimpigia simu mnunuzi wa Kashikishi kuulizia bei kabla hajarudi ufukoni, jibu analopokea halimfikii kwa njia moja tu. Wimbi la redio hutoka mnarani likaenda moja kwa moja hadi kwenye simu yake, na wimbi hilohilo hugonga maji, mapaa ya mabati na vilima, kisha likafika tena kwa kuchelewa.

Ucheleweshaji huo ni mdogo mno, lakini unaharibu. Kwa mikrosekunde 1 wimbi la redio husafiri mita 300. Mtandao wa GSM, ule wa kizazi cha pili, hutumia mikrosekunde 3.69 kutuma biti moja. Tuseme kuna mlima kilomita 2 nyuma ya mvuvi: mwangwi wake umezunguka kilomita 4 zaidi, kwa hiyo unafika baada ya mikrosekunde 13 na ushei. Muda huo biti tatu nyingine zimekwishapita, na ya zamani inaangukia juu ya mpya.

Kinachouondoa mchanganyiko huo ni ikwalaiza. Ile ya redio ya muziki hurekebishwa kwa mkono. Ya simu hujirekebisha yenyewe. Katika kila furushi la GSM lenye biti 148, biti 26 za katikati zinajulikana na simu tangu mwanzo. Simu hulinganisha zilivyofika na zilivyotumwa, ikapima mwangwi umechelewa kiasi gani na una nguvu gani, kisha ikatafuta ni biti zipi, zikipita katika mwangwi wa namna hiyo, zingeleta wimbi lililopokewa. Njia ya kutafuta ilibuniwa na Andrew Viterbi mwaka 1967, na G. David Forney akaonyesha mwaka 1972 jinsi inavyofaa kwa kazi hii. Biti hizo zimewekwa katikati kwa sababu maalumu: hali ya mawimbi hubadilika, na kipimo cha katikati hakiko mbali na mwanzo wala mwisho wa furushi.

Wakati wa mazungumzo kipimo hicho hurudiwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Hata simu ya kitochi hufanya hivyo, jambo linalostahili heshima kubwa kuliko tunavyoipa.

Simu za 4G zimefuata njia nyingine. Data hugawanywa katika mikondo mingi myembamba, na kila alama hutanguliwa na nakala ya mkia wake, ya mikrosekunde 4.7 hivi, ili mwangwi umalizikie humo. Marekebisho yanayobaki ni mepesi.

Ikwalaiza haiwezi yote. Katika megahezi 900 urefu wa wimbi ni sentimita 33, hivyo mtumbwi ukiyumba sentimita chache tu, wimbi la mnara na lile lililogonga vitu vingine huweza kufutana. Kisichofika hakirekebishiki.

Umbali nao una kikomo chake. GSM ya kawaida haihudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35 kutoka mnarani, hata mawimbi yakifika safi juu ya maji, mpaka mnara upangwe kwa namna ya pekee. Kwa watu wanaolala ziwani na wale wa kisiwa cha Kilwa kilichomo humo, mahali mnara unaposimama ni suala la usalama, na wapangaji wa mitandao wanapaswa kulipima wakiwa ndani ya boti.