Dawati la Jinsia na Watoto

Dawati la Jinsia na Watoto ni kitengo cha Jeshi la Polisi la Tanzania kinachopokea na kupeleleza makosa ya ukatili wa kijinsia na ukatili dhidi ya watoto. Miongoni mwa makosa hayo ni vipigo vya ndani ya nyumba, ubakaji, ulawiti, kuwapa mimba wanafunzi, ukeketaji na kutelekeza watoto. Madawati yapo ndani ya vituo vya polisi, kwa kawaida katika chumba cha peke yake, ili mtu aeleze yaliyompata bila kusikiwa na kila aliyesimama kaunta. Huduma zake hazilipiwi, na huwahudumia wanawake, wanaume na watoto.

Historia

Kabla ya kuwepo kwa madawati, mwanamke aliyepigwa na mumewe au mtoto aliyebakwa alieleza habari zake kaunta, mahali pale pale pa kuripoti wizi wa baiskeli na ugomvi wa kilabuni. Wengi waliona haya wakaondoka. Wengine waliambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, warudi wakayamalize na wazee.

Mwaka 2007, wakati Said Mwema akiwa Inspekta Jenerali wa Polisi, askari wa kike waliunda Mtandao wa Polisi Wanawake Tanzania. Mtandao huo ulikuwa na mchango mkubwa katika kuanzishwa kwa madawati kuanzia mwaka 2008. Yalianzia katika vituo vichache, kisha yakaenea mikoani na wilayani. Kufikia mwaka 2017 yalikuwa zaidi ya 400.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliipa kazi hii uzito zaidi. Ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikia umri wa miaka 18. Wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote.

Baadaye serikali ilitoa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, kwa miaka ya 2017/18 hadi 2021/22. Mpango huo uliunda kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia ngazi ya kijiji hadi taifa. Kamati hizo hukutanisha viongozi wa eneo, walimu, watumishi wa afya, ustawi wa jamii, viongozi wa dini na polisi.

Kazi za dawati

Askari wa dawati ni mpelelezi kama wapelelezi wengine, ila amepewa mafunzo ya ziada ya kumhoji mtoto na mtu aliyepata mshtuko. Mara nyingi huvaa nguo za kiraia. Kazi zake kuu ni hizi:

* kupokea malalamiko na kuandika maelezo ya mlalamikaji na mashahidi;
* kutoa fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ambayo daktari huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa;
* kumkamata mtuhumiwa, kukusanya vielelezo na kuandaa jalada;
* kumpeleka mtoto asiye na usalama nyumbani kwa afisa ustawi wa jamii ili atafutiwe mahali pa kukaa;
* kutoa elimu shuleni, sokoni, katika nyumba za ibada na kwenye mikutano ya vijiji.

Si kila ugomvi wa familia ni kazi ya dawati. Mashauri ya ndoa hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, mirathi hupelekwa mahakamani, na matunzo ya mtoto huanzia kwa afisa ustawi wa jamii. Dawati huhusika pale lilipotendeka kosa la jinai. Mume aliyeacha kutoa fedha ya chakula na mume aliyemvunja mkewe mkono hawapelekwi mlango mmoja, hata kama mke amekuja na malalamiko yote mawili siku moja.

Hatua za shauri

Shauri huanza kwa taarifa. Anayeitoa anaweza kuwa mwathirika mwenyewe, mzazi, mwalimu, jirani, mtendaji wa kijiji au mganga wa zahanati. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Ipo pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haina malipo.

Baada ya taarifa kuandikwa, mlalamikaji hupewa namba ya jalada, ambayo wananchi huiita RB, na fomu ya PF3. Aliyeumia vibaya hutibiwa kwanza, na karatasi hufuata baadaye. Katika makosa ya kingono saa za mwanzo zina uzito mkubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Mwathirika hushauriwa asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa, kwa kuwa maji huondoa ushahidi. Nguo hizo hufungwa kwenye karatasi au kitambaa badala ya mfuko wa plastiki, ambao hushika unyevu na kuziozesha.

Upelelezi ukikamilika, jalada hupelekwa kwa waendesha mashtaka wa serikali, ambao ndio huamua kama kesi iende mahakamani. Dawati halihukumu. Baada ya hapo kazi ya askari ni kuhakikisha mashahidi wanafika siku ya kesi.

Sheria zinazotumika

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliirekebisha Kanuni ya Adhabu na kuongeza adhabu za ubakaji. Anayetiwa hatiani kwa ubakaji hufungwa miaka 30, na aliyembaka mtoto wa kike mwenye umri chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Sheria hiyo pia ilifanya kuwa kosa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kumwoza au kumwoa mwanafunzi nako ni kosa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza wazi mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, au 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo tarehe 23 Oktoba 2019.

Katika ushahidi, sheria inaruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi baada ya kuahidi kusema ukweli. Katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Hiyo ndiyo sababu maelezo ya kwanza yanayoandikwa dawatini yana uzito: wakili wa utetezi atayalinganisha neno kwa neno na yale mtoto atakayosema mahakamani miezi kadhaa baadaye.

Nassa na mkoa wa Simiyu

Nassa ni eneo la Wasukuma karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, katika wilaya ya Busega. Zamani lilikuwa chini ya wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Mwaka 2012 Busega iliingizwa katika mkoa mpya wa Simiyu, pamoja na Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Makao makuu ya mkoa ni mji wa Bariadi, kilomita 70 hivi kutoka Lamadi kwa barabara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 mkoani humo. Wengi wao huishi kwa kilimo cha pamba na nafaka na kwa ufugaji, na kando ya ziwa kuna uvuvi.

Katika mazingira hayo dawati hukutana na mambo matatu.

La kwanza ni mahari. Kwa Wasukuma mahari ya ng'ombe huunganisha koo mbili, na ng'ombe waliopokelewa mara nyingi hutumika kumwozea kaka wa bibi harusi. Msichana akipata mimba akiwa shuleni, wazee wa pande mbili huweza kukaa, kukubaliana idadi ya ng'ombe na kuona shauri limekwisha. Takwimu za kitaifa za mwaka 2010, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado mkoa wa Shinyanga, zilionyesha mkoa huo ukiongoza nchini kwa ndoa za utotoni: wanawake 59 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikia miaka 18.

La pili ni sungusungu. Jeshi hili la jadi lilianza mapema miaka ya 1980 katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi ili kupambana na wizi wa ng'ombe. Katika kijiji kilicho mbali na kituo cha polisi, sungusungu ndio hufika kwanza. Wanaweza kumkamata mtuhumiwa na kumfikisha kituoni, lakini hawana mamlaka ya kumtoza faini mbakaji na kumwachia.

La tatu ni imani za uchawi. Kanda ya Ziwa imeshuhudia mauaji ya wanawake wazee, wengine wakishukiwa kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo huweza kuletwa na miaka mingi ya kupikia katika moshi. Watu wenye ualbino pia wamevamiwa na kuuawa. Taarifa ya mapema kuhusu bibi anayetishwa na jamaa au majirani huweza kuokoa maisha yake.

Mapatano ya nje ya mahakama

Kesi nyingi za aina hii hufia njiani baina ya kituo na mahakama. Mfano ni huu: msichana wa darasa la saba anabakwa na mtu wa ukoo wake. Mama anamfikisha kituoni, PF3 inajazwa, mtuhumiwa anakamatwa. Wiki mbili baadaye ndugu wa mtuhumiwa wanaleta ng'ombe watatu. Baba anapokea. Msichana anapelekwa kwa shangazi katika wilaya nyingine, na siku ya kesi shahidi hayupo. Hakimu huahirisha mara moja, mara mbili, kisha kesi hufutwa.

Mapatano hayo hayafuti kosa, kwa kuwa kosa la jinai ni baina ya mtuhumiwa na Jamhuri, si baina ya koo mbili. Anayemficha shahidi ili asifike mahakamani anaweza naye kushtakiwa. Hata hivyo familia nazo zina sababu zake. Mara nyingi mtuhumiwa ndiye anayelisha nyumba, safari za mahakamani zina nauli, na kesi ikichukua mwaka mzima aibu hukaa nyumbani mwaka mzima. Ndiyo maana madawati hufanya kazi pamoja na maafisa ustawi wa jamii, wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na kamati za vijiji zinazoweza kujua mapema kwamba mtoto amehamishwa.

Changamoto nyingine ni umbali wa vituo, uhaba wa magari na mafuta, vyumba visivyo na faragha, na uhamisho wa askari waliokwisha kupata mafunzo.

Watoto wanaokinzana na sheria

Dawati hushughulika pia na mtoto anayetuhumiwa. Nchini Tanzania mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Aliye chini ya miaka 12 hushtakiwa tu ikithibitika kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kwamba analofanya ni kosa. Kesi za watoto husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, bila umma kuhudhuria, na mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Anaweza kurudishwa kwa wazazi chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, mkoani Mbeya.

Katika nchi nyingine

Vituo vya polisi vya wanawake vilianza São Paulo, Brazili, mwaka 1985. Ghana ilianzisha kitengo cha wanawake na watoto ndani ya polisi mwaka 1998. Rwanda ilifungua kituo cha Isange mjini Kigali mwaka 2009, ambako polisi, daktari na mshauri wanapatikana katika jengo moja. Zanzibar ina vituo vya namna hiyo viitwavyo Mkono kwa Mkono, na Tanzania Bara pia vimefunguliwa katika baadhi ya hospitali. Faida yake ni kwamba mwathirika hueleza habari zake mahali pamoja, badala ya kuzirudia kituoni, hospitalini na ofisi ya ustawi wa jamii.