Jumapili Katika Mji wa Moshi

Mwaka huu tulijaliwa kwenda Moshi pamoja na mwalimu mwenzetu, mtu wa nchi kavu, ambaye theluji ameiona katika picha tu. Siku mbili za kwanza hakuiona. Kilimanjaro kilijifunika mawingu kama mwali, naye akatembea shingo juu hata akajikwaa mtaroni.

Mji wenyewe si wa kale sana. Ulikua baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911. Moshi ya zamani iko juu mlimani, na imani nayo ilianzia juu. Kwa hiyo Jumamosi tulipanda gari la abiria kwenda Kilema, kati ya migomba na mifereji iliyochimbwa na mababu wa Wachagga. Huko ndiko walikofika mwaka 1890 Askofu de Courmont, Padre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, wa Shirika la Roho Mtakatifu, baada ya kutembea kwa miguu kutoka pwani. Mapadre wa Kilema walipanda na mibuni. Kahawa ikaenea mlimani, hata mwaka 1933 wakulima wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU.

Kanisani tulimkuta bibi mmoja akifagia. Akatuamkua, kisha akauliza, "Kesho mtasali wapi, baba zangu?"

Tukanyamaza. Tiketi zetu za basi zilikuwa za alfajiri ya Jumapili, nazo tumekwisha kuzilipia. Tulikusudia kuwahi Misa ya Jumamosi jioni mjini, maana hiyo nayo hutimiza amri ya Dominika. Lakini mvua ilinyesha, gari likakwama katika utelezi, tukafika mjini usiku.

Mwalimu akasema, "Katekista, mwenye sababu nzito hafungwi na amri." Ni kweli, ndivyo tunavyofundisha sisi wenyewe. Mgonjwa anayo sababu; mama anayelea mtoto mchanga anayo. Je, tiketi ni ugonjwa? Tukahesabu fedha juu ya kitanda. Nauli ya pili ingetoka katika fedha za viatu vya mtoto wetu wa tatu, na hilo si jambo dogo kwa mtu wa mshahara wetu. Tulizihesabu mara tatu, wala hazikuongezeka.

Alfajiri basi likaondoka bila sisi. Katika Kanisa Kuu la Kristo Mfalme tulipata nafasi ya kusimama tu, karibu na mlango, nasi tukaimba na watu tusiowajua kana kwamba tumezaliwa nao.

Tulipotoka, mawingu yalikuwa yamefunguka, na Kibo kikaonekana wazi, mita 5,895 juu ya bahari. Hatusemi kwamba kilifunuliwa kwa ajili yetu. Wenyeji walituambia ya kuwa asubuhi ndiyo saa yake. Mwalimu alikitazama mpaka tukamvuta mkono twende kutafuta basi jingine. Nauli tulilipa tena, na viatu vinangoja mwisho wa mwezi.